Maoni yangu yasiyopendwa: gemu nyingi zinazosifiwa humnyang'anya mchezaji usukani

Mwanzisha uzi, Majengo

Salaam aleikum wanauzi, na habari za jioni kwa wote mnaosubiri joto lipungue. Nimesita kwa muda mrefu kuandika haya, kwa kuwa najua humu ndani wamo watu ambao Red Dead Redemption 2 kwao ni kama sahani ya kaure iliyorithiwa kwa bibi, haiguswi ila kwa ncha za vidole. Hata hivyo nitasema. Gemu hiyo, iliyotoka tarehe 26 Oktoba 2018 na kupata kwa wahakiki wastani wa alama 97 kwa 100, inapendeza mno kuitazama na inachosha mno kuicheza. Hainichoshi kwa urefu wake. Inanichosha kwa sababu kila inapofika mahali patamu humwondoa mchezaji kwenye usukani na kumketisha kiti cha nyuma.

Kipimo changu nilikipata utotoni, katika kibanda cha gemu hapa mtaani, chumba ambacho awali kilikuwa cha fundi cherehani, chenye televisheni nne za mgongo, feni moja na mabenchi mawili. Mechi ya mpira tulilipa shilingi 20, na gemu nyinginezo zililipiwa kwa dakika; mwenye kibanda aliweka saa ya mezani juu ya kila televisheni, nasi tulicheza jicho moja likiwa kwenye skrini na jingine kwenye mshale. Mtu aliyelelewa hivyo hujiuliza swali moja tu akikabidhiwa gemu yoyote: katika dakika hizi nilizolipia, mikono yangu imefanya nini?

Sasa nitazameni ninapomcheza Arthur Morgan, mhusika mkuu wa Red Dead. Nimeingia katika nyumba isiyo na mtu. Arthur husimama mbele ya kabati, huinama, huvuta mtoto wa meza, huchukua kopo la maharage, hulitia mkobani, ndipo niruhusiwe kubonyeza tena ili achukue kopo la pili lililokuwa ubavuni mwa lile la kwanza. Nikirudi kambini siruhusiwi kukimbia. Hutembea polepole kama bwana harusi. Haya yote ningeyavumilia kama misheni zenyewe, yaani kazi za hadithi anazopewa mchezaji, zingenipa nafasi ya kufikiri, lakini humo ndimo mnamobana zaidi. Niliwahi kuamua kuzunguka nyuma ya kilima ili niwavamie maadui kwa upande wasioutarajia, jambo ambalo mwindaji yeyote mwenye akili angelifanya, na kabla sijamaliza kuzunguka nikaambiwa misheni imeshindikana kwa kuwa nimewaacha wenzangu. Gemu hii nje ya misheni hukupa nchi nzima ya kupanda farasi, na ndani ya misheni hukupa ujia mwembamba usiotosha mbuzi kugeuka. Wenye hoja, karibuni. Wenye matusi, mnaweza kuyahifadhi kwa ajili ya mechi za mwisho wa wiki.

Mchangiaji wa Likoni

Aleikum salaam, ndugu yangu wa Majengo. Sitakutukana, lakini nitakupinga. Sisi wa Likoni tunaojua kusimama katika foleni ya feri asubuhi na jioni hatuoni kwamba kila kinachokwenda polepole kimeharibika. (Ambaye hajaimaliza gemu hii aruke aya hii, maana ninafichua.) Arthur ni mtu anayekufa kwa kifua kikuu, katika mwaka 1899, na kundi lake limepitwa na zama. Ule uzito wa mwili wake, kule kuinama kwa kila kopo, kule kumpiga farasi brashi na kumlisha kwa mkono, ndiko kunakomfanya mchezaji amkumbuke mtu huyu miaka mingi baadaye. Ungelimpa miguu ya mchezaji wa mpira, asingekuwa Arthur.

Kuhusu misheni kubana, hapo nakupa haki nusu. Ila kama ni kulalamikia gemu inayompora mchezaji, mimi ningeanza na The Legend of Zelda: Breath of the Wild ya mwaka 2017, ambayo nayo ilipewa 97 na ambayo kuikosoa hadharani ni kama kutema mate msikitini. Gemu hiyo inakupa upanga kisha inauvunja mkononi mwako. Unapigana na adui mgumu, unashinda kwa taabu, unapata silaha nzuri kama zawadi, na silaha hiyo unaogopa kuitumia kwa kuwa itavunjika kwa adui wa tatu. Mimi nilimaliza gemu nzima mkoba wangu ukiwa umejaa mapanga mazuri niliyokuwa nikiyawekea akiba kwa siku ambayo haikuja, mithili ya mama anayefungia vyombo vya wageni kabatini huku watoto wakila kwenye plastiki.

Mchangiaji wa Changamwe

Ndugu wa Likoni, kosa hilo ni lako na vyombo vyako vya wageni. Silaha huvunjika ili usilale. Nenda mpaka kusini mashariki mwa ramani, kuna kisiwa kinaitwa Eventide. Ukikanyaga mchanga wake tu, gemu inakunyang'anya kila ulichobeba, silaha, nguo, chakula, na kukuachia kaptura na akili yako, kisha inakutaka uyapeleke matufe matatu mahali pake. Pale nilipigana kwa rungu la mti, nikalisukuma jabali likawaangukia maadui kambini mwao, nikaiba mkuki wa aliyelala. Hakuna aliyenionyesha njia. Nikipewa kuchagua saa moja tu ya gemu hiyo nzima, nitachagua saa ile, na isingewezekana kama ningekuwa na upanga mmoja usiovunjika tangu mwanzo.

Malalamiko yangu kuhusu gemu hiyo ni mengine, nayo ni kwamba imejazwa vitu ili ionekane kubwa. Kuna mahekalu 120 yanayofanana rangi na kuta kiasi kwamba baada ya thelathini hivi sikumbuki nililotoka ni lipi, na kuna mbegu 900 za Korok, vijitu vya msituni, zilizofichwa chini ya mawe. Mwenye subira ya kuzikusanya zote hupewa zawadi yenye umbo la kinyesi cha dhahabu, na ninawaheshimu watengenezaji kwa kutuambia wazi wanavyomwona mtu wa aina hiyo.

Mwanzisha uzi, Majengo

Nimecheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Nakubaliana na ndugu wa Changamwe kuhusu kisiwa kile, kwa sababu kinathibitisha ninachokisema: mchezaji ameachiwa.

Niongeze jambo litakalowaudhi hata wale wasioipenda Red Dead. Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004, ambayo katika vibanda vyetu ilipendwa kupita gemu yoyote isiyo ya mpira, ni gemu ambayo wengi wanaoisifu hawakuimaliza, wala hawakufika hata nusu yake. Najua kwa kuwa mimi ni mmoja wao. Kibandani kwetu kila mashine ya PS2 ilikuwa na kadi moja ya kumbukumbu ya megabaiti 8, na watoto wa mtaa mzima waliigawana. Nilifika kwenye ile misheni maarufu ya kulifukuza treni kwa pikipiki huku mwenzako mnene akiwa nyuma yako anapiga risasi zisizompata mtu, nikashindwa mara kumi na moja, nikashinda mara ya kumi na mbili, nikahifadhi. Kesho yake nilipolipa dakika zangu nilikuta kijana mwingine amehifadhi juu ya kazi yangu, na gemu imerudi mwanzo kabisa, nimesimama na baiskeli. Lilinipata hilo mara tatu.

Kwa hiyo hadithi ya San Andreas siijui, na nilipokuja kuisoma nikiwa mtu mzima nikaona ni ya kawaida tu. Nilichokuwa nikikipenda ni mji. Nilijua vichochoro vya Los Santos kwa baiskeli kama ninavyojua njia ya kutoka Majengo kwenda Mwembe Tayari, na tulikuwa tukishindana nani atavuka kwenda miji mingine kabla haijafunguliwa, ambako polisi humfuata mtu papo hapo na nyota nne, kipimo cha jinsi wanavyomsaka. Hakuna misheni iliyotuambia tufanye hivyo. Kinachonisikitisha ni kwamba kampuni iliyotupa uhuru ule, Rockstar, ndiyo hiyo hiyo iliyokuja kutuwekea ule ujia wa mbuzi miaka kumi na minne baadaye, na dunia ikapiga makofi zaidi.

Mchangiaji wa Kisauni

Salaam kwenu kaka zangu. Nimesoma uzi huu tangu juu, na ninashangaa kwamba watu watatu wa Mombasa mmezungumzia Marekani ya farasi, nchi ya Zelda na mitaa ya Los Santos, na hakuna aliyetaja gemu zinazotuhusu wenyewe.

Halo 2 ilitoka tarehe 9 Novemba 2004 na kupewa 95. Misheni zake mbili, Outskirts na Metropolis, zinapiganwa Mombasa ya mwaka 2552. Binamu yangu aliponiambia kwamba iko gemu ya Kimarekani ambamo viumbe wa sayari nyingine wanaushambulia mji wetu, nilidhani ananifanyia mzaha, na nilipoipata hatimaye niliicheza nikitafuta kitu kimoja tu ninachokijua. Vichochoro vya mawe vipo, jua lipo, vumbi lipo. Sikuona baraza hata moja ya kukalia mtu. Mombasa ya Kale ya gemu iko upande mmoja wa daraja refu ajabu, na Mombasa Mpya upande wa pili, na daraja lenyewe unalivuka ndani ya kifaru huku ukipiga mizinga; ilhali Mji wa Kale tunaoujua sisi uko kisiwani, hatua chache tu kutoka Fort Jesus, na ndugu wa Likoni hapo juu bado anapanga foleni ya feri. Hayo si makosa, ni mambo ya kubuni na nayasamehe. Nisichokisamehe ni kwamba hadithi inakatika ghafla pale ambapo vita vya duniani vinataka kuanza upya, na mchezaji akaambiwa, kwa namna fulani, arudi baada ya miaka mitatu, mpaka Halo 3 ilipotoka Septemba 2007. Watengenezaji wenyewe, Bungie, walikiri baadaye kwamba muda uliwaishia.

Kwa nini basi ilisifiwa hivyo? Kwa sababu sehemu kubwa ya sifa zile zilikuwa za kuicheza mtandaoni, watu kwa watu, jambo ambalo Halo 2 ililifanya kwa ustadi kuliko gemu nyingine yoyote ya Xbox wakati wake. Lakini sisi tulikuwa wapi na mtandao mwaka 2004? Nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo tulikuwa tukisubiri picha moja ifunguke katika saiba huku dakika zikihesabiwa, kama ilivyokuwa katika kibanda cha ndugu wa Majengo. Ondoa mtandao katika Halo 2, na kinachobaki ni nusu ya hadithi iliyowekwa katika nusu ya mji wetu.

Maoni yangu yasiyopendwa ndiyo haya sasa: gemu bora katika ukoo mzima wa Halo ni Halo 3: ODST, iliyotoka tarehe 22 Septemba 2009, mwaka ule ule wa nyaya, na ambayo wahakiki waliipa 83 tu kwa madai kwamba ni fupi na bei yake ni ya gemu nzima. Humo huwi yule shujaa wa Halo nyingine mwenye vazi la kijani asiyekufa. Wewe ni askari wa kawaida asiyesema neno, umeangushwa kutoka angani ndani ya chombo, umezimia, na unazinduka saa sita baadaye, usiku, mvua inanyesha, wenzako hawapo. Mji wote ni wako. Unatembea peke yako ukitafuta vitu walivyoviacha wenzako, kofia ya chuma hapa, bunduki ya mdunguzi iliyopinda pale, na mpangilio wa kuvifuata unauchagua mwenyewe. Muziki wake ni saksafoni inayolia polepole chini ya mvua. Ukimwona adui unaweza kupigana au unaweza kupita kando, na dawa ni chache kiasi kwamba mara nyingi utapita kando.

Na majina! Kuna misheni inaitwa Kizingo Boulevard, na nyingine Kikowani Station. Fikirini Kikowani, mahali ambapo sisi tunapajua kwa makaburi, pamekuwa kituo cha treni. Kuna rekodi 30 za sauti zilizotawanywa katika gemu, zinazosimulia kisa cha msichana wa mji huo anayemtafuta baba yake, na jina la ukoo wa msichana huyo ni Endesha. Sijawahi kukutana na mtu yeyote wa ukoo wa Endesha, kutoka Vanga mpaka Lamu, na ninaamini aliyelichagua alifungua kamusi na kuweka kidole kwenye kitenzi cha kwanza alichokutana nacho. Lakini rekodi zile nilizitafuta zote, kwa kuwa kwa mara ya kwanza gemu ilinifanya nijali nini kimempata mkazi wa Mombasa, na wala si nini kimelipata jeshi lililokuja kumwokoa.

Mchangiaji wa Tudor

Nitakuwa mfupi. Dada wa Kisauni ameufungua uzi huu macho.

The Last of Us Part II, ya Juni 2020: ujasiri wa kukufanya umcheze Abby, mtu unayemchukia, naupongeza. Ninachokikataa ni kwamba gemu inanilazimisha nifanye jambo baya, kisha inanikemea kwa kulifanya, ilhali hakuna kitufe cha kukataa. Hapo niko upande wa mwanzisha uzi kabisa.

Elden Ring, ya Februari 2022: hii imeniachia usukani, siwezi kusema uongo. Yule askari wa dhahabu juu ya farasi anayezurura mbele yako mara tu unapotoka nje aliniua mara tisa kabla sijaelewa kwamba hakuna aliyenilazimisha kupigana naye. Tena kwa sisi ambao stima hupotea bila taarifa, gemu hiyo hujihifadhi kila wakati, ukirudi unakuta uko karibu na pale pale ulipokuwa. Lakini wanaosema haina dosari hawajafika mbali. Kadiri ramani inavyopanuka ndivyo mabosi, wale maadui wakubwa, wanavyojirudia. Utaingia pango la kumi ukakutana na yule uliyemzika katika pango la tatu, isipokuwa sasa wako wawili.

Mchangiaji wa Likoni

Dada wa Kisauni, heshima kwako. Sikuijua hiyo ODST, na nilidhani Halo zote ni za kupiga risasi na kukimbia. Nina maswali mawili: inapatikana wapi siku hizi, na je, katika Mombasa hiyo ya mwaka 2552 kuna feri?

Na wewe ndugu wa Majengo, sijashindwa hoja. Nakupa mtihani: irudie Red Dead, nenda kwenye mipangilio uizime ramani ndogo, usifanye misheni hata moja kwa siku tatu za gemu. Kisha uje hapa useme kama mikono yako haikufanya kitu.

Mchangiaji wa Kisauni

Kaka yangu wa Likoni, iko ndani ya mkusanyiko unaoitwa The Master Chief Collection, na kwa kompyuta iliongezwa Septemba 2020, kwa hiyo huhitaji kununua mashine mpya, ila tenga bando la kutosha. Feri sikuiona. Labda daraja limejengwa kufikia wakati huo, inshallah.

Mwanzisha uzi, Majengo

Ndugu wa Likoni, mtihani wako nimeufanya kwa muda wa wiki moja. Nilizima ramani, nikamfuata paa mmoja katika msitu kwa karibu nusu saa, nikampoteza, nikapiga kambi kando ya mto, na nakiri kwamba nusu saa ile ilikuwa tamu kuliko misheni zote nilizozicheza hapo awali. Kisha nikarejea kambini kwa wenzangu, nikabonyeza kukimbia, na Arthur akaendelea kutembea kama bwana harusi. Alama 97 siitoi. Naipa 80, na kumi na tano kati ya hizo ni za paa.

ODST nimeipakua juzi usiku, kwa kuwa mchana mtandao wa jengo letu hautoshi hata salamu. Nilizinduka katika kile chombo, nikashuka barabarani, mvua ikinyesha vile vile kama dada alivyoeleza. Niliona mlango wa duka wenye kivuli, nikaenda kusimama pale, nikaweka padi juu ya paja na kwa mazoea nikatazama juu ya televisheni kutafuta saa ya yule mwenye kibanda. Nilikaa dakika kumi bila kubonyeza kitu chochote. Saksafoni iliendelea, maji yaliendelea kutiririka, na hakuna aliyeniambia kwamba nimeshindwa.